Malalamiko Dhidi ya Biskuti Zisizojua Moto

Kwa Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Jikoni,

YAH: OMBI LA KUFUTWA KWA MAPISHI YA BISKUTI ZA MATUNDA BILA NGANO NA BILA KUOKA

Pokea salamu za heshima kutoka kwa msomaji wako mpya. Nasema mpya kwa sababu gazeti lenu nimekuwa nalo miaka mingi, lakini kwa kazi ya kufungia mikate. Kulisoma nimeanza juzijuzi, baada ya kudhurika nalo.

Mimi ni mwoka mikate. Nina tanuri la matofali uani kwangu na duka dogo lenye dirisha moja linalotazama barabara. Kazi hii nimeifanya kwa miaka thelathini na minne. Mtaani wananiita Fundi Moto, na sijawahi kulikataa jina hilo. Mimi si mtu wa kulalamika. Mvua ikivuja dukani nahamisha unga. Kuni zikija mbichi nazianika. Lakini jambo hili limenifika shingoni.

Ili usinielewe vibaya, nieleze kwanza lilivyoanza. Mke wangu alikuwa na tumbo lililomsumbua kwa miaka. Likivimba, ananyamaza. Likikata, anajilaza upande wa kushoto na kuniambia nisiwaambie watoto. Tulilaumu maji. Tukalaumu maharage. Kuna kipindi nililaumu ukoo wake mzima, kwa kuwa mama yake naye alikuwa hivyo hivyo. Mwishowe daktari wa tumbo akampima damu, akatuketisha wote wawili na kutueleza kwamba utumbo wake haupatani na ngano. Kuna kitu ndani ya ngano, kile kinachofanya donge livutike bila kukatika, kinaitwa gluteni, na kwake yeye ni sumu. Mkate, keki, maandazi, vyote marufuku, hata chembe. Kisha akauliza kama nyumbani kwetu tunatumia ngano mara kwa mara. Mke wangu alinitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu, ambavyo vilikuwa vyeupe kwa unga.

Wiki iliyofuata shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ni mshonaji wa mapazia, alikuja na ukurasa wenu ameukunja mkobani. Ndipo yakaanza haya ninayoyaorodhesha hapa chini.

1. Jina. Mmeziita biskuti. Ndugu Mhariri, biskuti ni kitu kilichopita motoni kikatoka kigumu kuliko kilivyoingia. Hizo zenu ni korosho za kusaga, tende za kuponda, nazi kavu na asali, vikakandwa pamoja, vikagawanywa madonge ya ukubwa wa ndimu, vikabonyezwa katikati kwa kidole gumba, vikajazwa rojo la embe kavu lililorowekwa, vikafunikwa na kulazwa kwenye friji saa mbili. Kitu kilicholala kwenye baridi saa mbili hakijaiva, kimepoa tu. Sina ugomvi na tende wala embe, ni vitu vya heshima. Nina ugomvi na cheo ambacho vimepewa bila kufanya mtihani.

2. Muda. Mmeandika kwamba kazi yote ni dakika ishirini na kwamba hata mtoto anaweza. Mimi nilipoanza kazi kwa marehemu mwalimu wangu, mwaka wa kwanza nilifagia. Mwaka wa pili nilipasua kuni. Wa tatu ndipo nikaruhusiwa kuingiza mkono tanurini na kuhesabu. Ukifika nane kabla ya kuutoa, moto ni wa mkate. Ukishindwa kwenye tano, subiri upungue. Hicho ndicho kipimajoto changu mpaka leo, na nywele za mkono wa kulia hazijaota tangu wakati huo. Sasa naambiwa kuna chakula kinachohitaji dakika ishirini na kidole gumba. Mke wangu alijaribu Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, baada ya kuosha vyombo vya mchana. Alimaliza kwa dakika kumi na nane. Nilitoka uani nikachochea tanuri ambalo halikuwa na mkate ndani.

3. Friji. Tuna friji ndogo ya mlango mmoja, ambayo miaka yote ilitunza hamira yangu na maji ya kunywa. Hamira imehamishwa. Niliikuta kwenye dirisha la bafu, ndani ya kikopo chenye karatasi iliyoandikwa NGANO USIGUSE, ingawa hamira si ngano, na katika nyumba ile mwenye kujua hivyo ni mimi. Sasa rafu ya juu ni ya biskuti za embe, ya kati ni za zabibu, na ya chini ni za nanasi, ambazo hata ninyi hamkuzitaja, amezibuni mwenyewe. Nikifungua friji kutafuta maji ya kunywa najihisi mgeni aliyekuja bila taarifa.

4. Majirani. Fundi cherehani wa nyumba ya pili amenunua mkate kwangu kila siku kwa miaka kumi na moja, pamoja na siku aliyofiwa. Juzi alifika dirishani, akaitazama mikate kwa adabu, akaisifu, kisha akainama na kuniuliza kwa sauti ya chini kama zile za mama zimebaki. Nikamwambia mama hauzi. Akasema anajua, ndiyo maana anauliza. Bibi wa nyumba ya kona naye, aliyekuwa akilowesha mkate wangu kwenye chai kwa ajili ya meno yake, sasa anakula biskuti hizo bila kulowesha, na ameanza kunisalimia kwa huruma. Kuchukiwa na wateja nimezoea. Kuhurumiwa sijawahi.

5. Furaha ya mke wangu. Hili ni zito na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Mke wangu amepona. Tangu aiache ngano uso umejaa, analala usingizi wa moja kwa moja, na anapofagia anaimba nyimbo ambazo sikujua kama anazijua. Utasema hilo si lalamiko. Subiri.

Kwa miaka thelathini, kila alfajiri, mkate wa kwanza ukitoka tanurini nilikuwa nikikata ncha yake, ile sehemu ngumu yenye harufu, nikaiweka kwenye sahani na kumpelekea kitandani ikiwa bado inafuka. Mimi si mtu wa maneno matamu. Sijawahi kumwandikia mke wangu barua hata moja, na ona, ya kwanza katika maisha yangu naiandikia gazeti. Ile ncha ya mkate ndiyo ilikuwa maneno yangu. Naye aliila yote, kila siku, hakuacha hata chembe, akanirudishia sahani na kusema asante baba watoto. Sasa naambiwa kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa ikimuumiza. Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa nampelekea ugonjwa kitandani, tena wa moto. Na yeye siku nyingine alikuwa anausikia ukimkata lakini anamaliza, kwa kuogopa kuniudhi. Amenieleza hivyo mwezi huu huku akicheka, kana kwamba ni jambo la kuchekesha.

Kabla ya ukurasa wenu alikuwa anaumwa na ananihitaji. Sasa ni mzima na anahitaji korosho. Nimeona aibu, Ndugu Mhariri, na aibu ikikosa pa kwenda inakwenda gazetini. Pia nina wivu. Naona wivu juu ya kitu kilichojazwa embe, na umri wangu ni miaka sitini na mmoja.

6. Maelekezo yenu kuhusu moto hayatoshi. Alhamisi moja mke wangu alipokwenda kwa mdogo wake, nilichukua biskuti kumi na nane kutoka rafu ya juu nikazitia tanurini, kwa nia njema kabisa ya kuzimalizia. Mmeandika kwamba hazihitaji kuokwa. Mtu mzima akisoma hapo anaelewa kwamba si lazima. Hamkuandika kwamba ni hatari. Niliingiza mkono, nikahesabu mpaka nane, moto ulikuwa mzuri. Baada ya dakika chache zilianza kulegea. Kisha zikasogeleana. Kisha asali ikatoka ikawaka pembeni, na nilipovuta trei nilikuta biskuti moja, nyeusi kingoni na nyekundu katikati, yenye upana wa trei yenyewe. Niliila yote kwa mwiko nikiwa nimesimama, ili kuondoa ushahidi. Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu zenu kwamba ilikuwa tamu. Hilo nalo ni lalamiko.

7. Hamkusema lolote kuhusu meza.

Jumanne iliyopita niliamua kwamba ikiwa mke wangu hawezi kula mkate wangu, basi nitamtengenezea biskuti zake mimi mwenyewe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilifuata ukurasa wenu neno kwa neno. Nilinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Nilivaa aproni safi. Nilikandia juu ya meza yangu ya kazi, ya mbao, aliyoniachia mwalimu wangu. Niliikwangua kwanza kwa kisu, nikaimwagia maji yanayochemka, nikaisugua mpaka ikapauka. Nikabonyeza biskuti ishirini na nne, rojo katikati, kila moja sawa na mwenzake, kwa sababu mkono huu ukijifunza kitu unakijua. Zikalala kwenye friji saa mbili, kama mlivyoamuru.

Nikampelekea kitandani alfajiri. Akazitazama, akanitazama, akala mbili. Kisha akanishika mkono, ule usio na nywele. Ndugu Mhariri, nilitoka chumbani mle nikajigonga kwenye mlango, na nikamsalimia jirani ambaye hatusemezani naye.

Saa sita mchana tumbo lake lilikuwa limevimba. Siku tatu alijilaza upande wa kushoto.

Shemeji alikuja na supu akaniuliza nimekandia wapi. Nikamwonyesha meza, tena kwa kujivuna, jinsi ilivyong'aa. Alipitisha ukucha kwenye kiungo cha mbao mbili akauinua juu. Ulikuwa mweupe. Akaichukua ile aproni safi, ambayo hukaa imetundikwa nyuma ya mlango wa ghala la unga, akaikung'uta mara moja penye jua, na sote wawili tukatazama vumbi lake likishuka. "Shemeji," akasema, "kikulacho ki nguoni mwako." Methali hiyo nimeitumia mara nyingi juu ya watu wengine. Sikujua kwamba kuna siku itatafuta aproni.

Mke wangu hakunilaumu, na hilo ndilo baya zaidi. Alingoja shemeji aondoke, akasema kwa upole akiwa ameelekea ukutani: "Baba watoto, usinipikie tena. Nitajipikia mwenyewe."

Nimeungua mara nyingi katika kazi hii. Nimewahi kutukanwa na mteja kwa mkate aliokuwa ameshaumaliza. Hakuna kilichoniuma kama maneno hayo. Wanasema mkono mtupu haulambwi. Wangu si mtupu, umejaa, ila umejaa ngano, nao pia haulambwi.

Sasa nauliza, kosa ni la nani? Ukurasa wenu umeeleza korosho zisagwe kiasi gani, tende zirowekwe muda gani, hata kidole kipi kitumike kubonyeza. Lakini hakuna mahali, nimesoma mara tisa, penye mstari unaosema kwamba mapishi haya yasiguswe na mwoka mikate. Mngeandika mstari huo mmoja, mke wangu asingelala siku tatu, na mimi nisingesikia nilichosikia. Kwa hiyo nimefikia uamuzi kwamba kosa ni lenu, na naomba yafuatayo:

(a) Mapishi hayo yafutwe, na wasomaji wote waliokwisha kuyasoma waombwe kwa barua kuyasahau.

(b) Neno biskuti litumike tu kwa kitu chenye cheti cha moto. Vyeti niko tayari kuvitoa mimi, kila Jumatano, dirishani kwangu.

(c) Mwanamke yeyote anayenunua korosho, tende na asali kwa pamoja aulizwe kwanza mumewe anafanya kazi gani.

(d) Picha ya biskuti zile, iliyopigwa kwa karibu kiasi kwamba rojo linaonekana kutaka kudondoka, iondolewe machoni pa umma. Mtu mwenye njaa hawezi kutoa uamuzi wa haki mbele ya picha ile.

(e) Daktari wa tumbo arudie vipimo. Majibu yakiwa yale yale, basi ngano nayo iitwe itoe maelezo, maana mpaka sasa umesikilizwa upande mmoja tu.

(f) Ikiwa yote hayo hayawezekani, mniambie mtu aliyekanda ngano kwa miaka thelathini na minne huosha mikono kwa kitu gani. Sabuni nimeshajaribu.

Msimamo wangu ni mmoja na haubadiliki. Mimi ni wa ngano na tanuri, nilizikwa kwenye unga nikiwa hai, na siwezi kuacha kazi ya maisha yangu kwa sababu ya kipande cha gazeti chenye embe. Naomba kuwasilisha.

Nisalimie wapanga kurasa wote, mama anayewapikia chai, mlinzi wa getini, na dereva anayesambaza gazeti, ambaye mnaweza kumwambia kwamba mtaa wetu anaweza kuuruka. Mpiga picha naye mpe salamu, ila mwambie ajitafakari. Mwandishi wa mapishi yale msalimie pia, lakini bila uchangamfu.

Wako mwenye hasira na adabu,

Fundi Moto,
mwoka mikate, dirisha la kijani

Tanbihi: Barua hii imekaa wiki tano kwenye mfuko wa koti langu. Kila nilipotaka kuipeleka posta nilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ni hii. Tanuri nimelizima. Wateja nimewapeleka kwa mwoka mikate wa mtaa wa pili, ambaye mikate yake, nasema bila chuki, inafaa kuzibia madirisha. Nimempa na meza yangu, huenda ikamfundisha. Unga wote umeondoka. Ghala nimelipaka chokaa mara mbili. Nguo za kazi nimezichoma, kucha nimezikata mpaka zikauma, na shemeji ndiye mkaguzi. Amepitisha ukucha wake nyumba nzima, hata nyuma ya masikio yangu, akasema nimefaulu.

Kwa hiyo mapishi yale msiyafute. Tena naomba mnitumie nakala nyingine, kwa sababu yetu imeloa asali na mstari wa rojo hausomeki, nimekuwa nikikisia. Fundi cherehani anasema bado za mama ni bora kuliko zangu. Ni kweli, nalifanyia kazi.

Jana nilimpelekea mke wangu sita. Aliuliza zimetengenezwa na nani, nikamwambia. Alizitazama kwa muda, akala moja, akakaa kidogo, akala ya pili. Sikwenda popote siku hiyo. Tulikaa kwenye ngazi ya mlango wa uani, yeye ameweka mkono mmoja tumboni na mimi nimeshika ule mwingine, tukasubiri. Ikapita saa sita. Ikapita saa nane. Saa kumi alihama upande akanifanya nishtuke, kumbe mguu ulikuwa umekufa ganzi. Jua lilipoanza kuzama alisimama, akaingia ndani, na nikamsikia akifungua friji kuchukua nne zilizobaki.